Muthoka Wawili na Mkataba Mmoja

Baba yangu alikuwa ananuka. Nasema hivyo kwa heshima zote. Alifanya kazi katika kiwanda cha ngozi pale Thika, na ngozi mbichi ya ng'ombe haijali heshima ya mtu. Harufu yake ilifika nyumbani kabla yake. Tulikuwa tukicheza nje ya nyumba za kampuni, mdogo wangu ananusa hewa, kisha anatangaza, "Baba yuko kwenye kona." Na kweli, baba anatokea kwenye kona.

Mama yangu, Katunge, alikuwa na sheria. Harufu hiyo haiingii ndani. Ndoo ya maji ilimngoja baba nje ya mlango, pamoja na kipande cha sabuni na gunia la kujisugulia. Kila jioni mazungumzo yao yalikuwa yale yale.

"Nimerudi," baba anasema.

"Tumejua," mama anajibu kutoka jikoni. "Oga kwanza."

"Hata chai?"

"Chai itakungoja. Pua zetu haziwezi."

Baba alicheka, akaoga. Lakini mikono yake haikubadilika kwa sabuni yoyote. Kazi yake ilikuwa kwenye mashimo ya kiwanda. Humo ngozi zilizokwisha kutolewa manyoya zililowekwa katika maji ya magome ya miti ya miwati. Maji hayo ni ya rangi ya chai iliyosahauliwa motoni. Ngozi hukaa humo wiki nyingi, zikihamishwa shimo hadi shimo, mpaka ziive. Mikono ya baba iliiva pamoja nazo. Ilikuwa ya kahawia hadi kwenye viwiko. Kanisani, watu wakiinua mikono kuomba, ungewatambua watu wa kiwanda cha ngozi bila kumwuliza mtu.

Jina lake lilikuwa Muthoka. Shikeni jina hilo vizuri, kwa sababu karibu litupotee.

Mwaka wa 1957 nilikuwa katika shule ya bweni ya wasichana. Mwezi wa nne nilirudi nyumbani kwa likizo, nikiwa na sanduku langu la bati na njaa yangu ya shule. Jirani alikuwa anaanika nguo. Alinisalimu, kisha akasema, "Ndunge, baba yako ametoka sasa hivi kwenda kazini. Mngekutana njiani."

"Nimekutana na baba mdogo Kiilu tu," nikasema. Kiilu ni mdogo wake baba. "Amenipungia mkono akapita mbio."

Jirani akaziangalia nguo zake kwa makini sana. "Ndiyo," akasema. "Huyo huyo. Baba yako."

Nikaingia ndani. Kitanda cha baba kilikuwa kimetandikwa vizuri mno. Kofia yake ya kazi haikuwepo. Harufu yake pia haikuwepo. Nyumba yetu ilikuwa na hewa safi, na hewa hiyo safi ndiyo iliyonitia hofu.

"Mwaitu," nikamwita mama kwa Kikamba chetu, "baba yuko wapi?"

Mama akafunga mlango kwanza. "Yuko Ruiru, kwa shangazi yako Syokau. Ni mgonjwa tangu mwezi wa pili. Kifua. Anakohoa mpaka anashika ukuta. Hospitali ya serikali wamempima, wakasema apate sindano na apumzike. Si wiki moja, si mbili. Ni miezi."

"Na kazini?"

"Kazini yupo," mama akasema.

Nikamtazama. Shuleni nilikuwa na sifa kidogo katika mambo ya kuwachezea walimu, lakini hili lilinizidi.

"Kiilu anakwenda badala yake," mama akaeleza. "Amevaa kofia yake. Asubuhi nyapara akiita Muthoka, Kiilu anaitikia. Wanafanana, unajua. Na nyapara ni mgeni. Yule mzee wa zamani aliondoka, akaletwa huyu Barasa baada ya baba yako kuugua."

"Lakini wenzake wanamjua!"

"Wenzake ni watu wazuri. Wamenyamaza."

Yaani kiwanda kizima kilijua, isipokuwa wale waliotakiwa kujua.

"Sasa kosa liko wapi?" mama akaniuliza, kwa sababu aliona uso wangu. "Kwetu Gatuanyaga tukifanya mwethya, tukikusanyika kulima shamba la mtu, wewe ukiugua si ndugu yako anashika jembe lako? Kuna mtu anayeuliza? Wanasema, nyumba ya fulani imekuja. Inatosha. Basi na kiwandani nyumba ya Muthoka imekwenda. Nikisema ni mgonjwa, watamfukuza. Wakimfukuza, wanatutoa nyumba hii. Kisha na karo yako ya shule nitaitoa wapi?"

Ilikuwa hoja safi kabisa. Mwalimu wetu wa hesabu angempa alama zote.

Jioni Kiilu akarudi. Harufu ikatangulia. Mdogo wangu akanusa, akafungua mdomo, kisha akaufunga. Hakujua atangaze nani.

"Oga kwanza, shemeji," mama akasema kutoka jikoni. Lakini hakusema kwa sauti ile ya zamani.

Kiilu akainua mikono yake juu ili niione. Ilikuwa ya kahawia hadi kwenye viwiko. "Binti yangu!" akaniita. "Shikamoo yangu iko wapi? Mimi ni baba yako saa za kazi."

"Saa za kazi zimekwisha," nikasema. "Sasa wewe ni Kiilu."

"Haya. Hata mimi ninachanganyikiwa. Jana mtu ameniita Kiilu njiani, sikugeuka."

Tulicheka. Kiilu alikuwa mtu wa kuchekesha hata akiwa na homa. Lakini alipokaa chini, alizungumza na mama polepole.

"Shemeji, kuna jambo. Barasa ameniita leo mbele ya watu. Anasema ngozi za mashimo yangu zinatoka mbovu. Zikikaushwa zinavunjika. Ameniambia, 'Muthoka, ukiharibu tena, unaondoka.'"

Mama akaacha kukoroga uji. "Amesema jina gani?"

"Muthoka."

"Kwa hiyo atakayefukuzwa ni nani?"

Kiilu akaitazama mikono yake. "Kwenye vitabu vyao, ni kaka," akasema.

Jumamosi mama na mimi tulipanda treni kwenda Ruiru. Shangazi Syokau aliishi katika kambi ya wafanyakazi wa shamba la kahawa. Baba alikuwa amekaa nje kwenye jua, amejifunika blanketi. Alikuwa amekonda sana. Yeye na Kiilu walikuwa wamefanana tangu utoto, lakini siku hiyo Kiilu ndiye aliyefanana na Muthoka zaidi.

Nilimsalimu. Akanipa mkono wake, nami nikashtuka. Mkono ulikuwa safi. Rangi ya kahawia ilikuwa imetoka polepole kitandani, kama rangi ya nguo inavyotoka. Nilipoinama karibu naye, hakunuka chochote ila dawa. Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitaitamani harufu ya mashimo.

"Unanusa nini, Ndunge?" akaniuliza.

"Nakunusa wewe. Hupo."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Wakati huo akaja mwanamke mwenye gauni jeupe na kikapu cha sindano. Alikuwa Nyawira, muuguzi wa zahanati ya shamba. Kila siku alimdunga baba sindano aliyoandikiwa hospitali. Alikuwa Mkikuyu wa Ruiru hapo hapo, mwenye mdomo mwepesi na mkono mzito.

"Baba Ndunge, geuka," akasema. "Na usiniambie inauma. Najua inauma. Ndiyo maana nakudunga wewe, sijidungi mimi."

Alipomaliza, akaosha mikono yake. "Sasa, mgonjwa wangu. Mwajiri wako anasemaje? Daktari anataka ukae hivi mpaka mwezi wa nane. Kazini wamepata barua yake?"

Shangazi Syokau akaanza kufukuza kuku ambao hawakuwepo.

"Aiya!" Nyawira akasema. "Nyinyi mna siri."

Mama akamweleza yote: Kiilu, kofia, mwethya, na maneno ya Barasa. Nilitazamia Nyawira acheke. Hakucheka. Aliketi kwenye kigoda.

"Mama Ndunge, nimekuelewa. Sisi pia tuna ngwatio. Ukiugua, dada yako anakuja kulima mahali pako, na hakuna ubaya. Lakini kiwanda si ngwatio, na si mwethya. Mkataba hauajiri nyumba. Unaajiri mtu mmoja, mwenye jina lake na dole gumba lake. Leo vitabu vya kampuni vinasema Muthoka ni mzima na anakuja kazini kila siku. Mtu mzima halipwi kwa ugonjwa. Mtu mzima hawekewi kazi yake. Mmemwondolea mgonjwa haki ya kuwa mgonjwa."

"Haki gani?" mama akauliza. "Mgonjwa hufukuzwa."

"Nani amekuambia?"

"Watu."

"Na mkataba umesemaje?"

Baba akaingiza mkono chini ya mto wake, akatoa karatasi iliyokunjwa. Aliitunza kama kitu cha thamani. Alikuwa ameilalia muda wote huo bila kujua imeandikwa nini.

"Karani aliponisomea," baba akasema, "nilisikia mpaka mahali pa mshahara. Hapo masikio yakafunga yenyewe. Nikaweka dole gumba."

"Wote hufanya hivyo," Nyawira akasema. "Ndunge, wewe una Kiswahili cha shule. Tafuta mahali pa ugonjwa utusomee. Polepole. Si kama karani."

Nikasoma. Mkataba ulisema mfanyakazi akiugua, ni lazima kampuni iambiwe mapema na ipewe barua ya daktari. Mwezi wa kwanza atalipwa mshahara wote. Miezi mitatu inayofuata atalipwa nusu. Muda huo wote hatafukuzwa kwa sababu ya kuugua, wala familia yake haitatolewa katika nyumba ya kampuni. Akiwa bado hajapona muda huo ukiisha, kampuni inaweza kumaliza mkataba, lakini kwanza itampa taarifa ya mwezi mmoja. Na mwisho kabisa, asiyefika kazini wala kutoa habari atahesabiwa kuwa ametoroka.

Kisha mama akasema, "Soma tena pale pa nyumba."

Nikasoma tena.

"Tena."

Nikasoma mara ya tatu. Mama alikuwa anatikisa kichwa. Machozi yalikuwa karibu, lakini alikuwa na hasira pia. "Maneno haya yalikuwa chini ya mto?" akasema. "Na mimi silali?"

"Msidhani kila mkataba uko hivi," Nyawira akaonya. "Mwingine unatoa siku chache tu. Mwingine hausemi kitu juu ya ugonjwa. Hapo lazima uulize kabla ya kuweka dole gumba: nikiugua muda mrefu, itakuwaje? Mwajiri hatakuuma kwa swali. Lakini wenu unasema. Sasa lazima mwende mkaseme ukweli."

"Watamfunga Kiilu," mama akasema.

"Wanaweza kumfukuza. Wanaweza kukasirika sana. Sijui watafanya nini. Najua tu kwamba mkingoja, Barasa atamfukuza Muthoka kwa ngozi ambazo Muthoka hajazigusa."

Baba aliinamisha kichwa. Nilidhani amechoka. Kumbe alikuwa amesikia jambo moja tu.

"Ngozi zinavunjika?" akauliza. "Ngozi za mashimo yangu?"

"Ndivyo Barasa anavyosema," mama akajibu.

"Jumatatu nakwenda," baba akasema.

Siku zile zilikuwa za Hali ya Hatari, sheria kali za wakoloni, na Mkikuyu hakutembea ovyo bila kibali. Nyawira alimwomba bwana wa shamba kibali cha kumsindikiza mgonjwa, akakipata. Barua ya daktari aliichukua hospitali. Jumatatu asubuhi tulisimama wanne mbele ya dirisha la ofisi ya kiwanda: baba na blanketi lake, mama, Nyawira, na mimi.

Ndani ya dirisha alikaa karani Erastus. Alikuwa na kalamu mbili mfukoni na moja nyuma ya sikio.

"Jina?"

"Muthoka. Wa mashimoni. Nimekuja kutoa habari kwamba ni mgonjwa. Barua ya daktari ni hii."

Erastus akafungua kitabu. "Muthoka yupo kazini. Ameitikia asubuhi."

"Muthoka ni mimi."

Erastus akainuka kidogo. "Weka mikono hapa."

Baba akaiweka mikono yake dirishani. Ilikuwa myeupe kwenye viganja, safi hadi kwenye kucha.

"Mzee," Erastus akasema, "mikono hii ni ya mwalimu wa Jumapili. Watu wa mashimoni nawajua kwa mikono. Nenda nyumbani ukapone. Na usichukue majina ya watu."

Nimewahi kuona mtu akinyang'anywa kalamu. Nimewahi kuona mtu akinyang'anywa chakula. Sikuwahi kuona mtu akinyang'anywa nafsi yake na karani, kwa adabu, kupitia dirisha. Baba aliitazama mikono yake kana kwamba imemsaliti.

"Mwite huyo aliyeitikia," Nyawira akasema.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye ninayemdunga sindano. Ukitaka, nitakudunga na wewe. Mwite!"

Erastus akatuma mtu. Punde akaja nyapara Barasa, mtu mrefu kutoka magharibi, kama mnara unaotembea. Nyuma yake alikuja Kiilu, amebeba ngozi iliyolowa begani. Wafanyakazi wengine waliacha kazi wakatazama. Hawakusema kitu. Walikuwa wamezoea.

"Muthoka," Barasa akamwambia Kiilu, "mzee huyu anasema yeye ndiye wewe. Unamjua?"

Kiilu angeweza kusema hapana. Angeendelea na kazi na jina vyote viwili. Alimtazama baba, akatazama blanketi, akatazama ile mikono safi.

"Namjua," akasema. "Ndiye Muthoka. Mimi ni Kiilu, mdogo wake."

"Umekunywa?" Barasa akamwuliza.

"Hapana."

"Muthoka, umekunywa asubuhi hii?"

"Mimi si Muthoka!" Kiilu akapiga kelele. "Kila siku nikidanganya mnaniamini. Leo nasema kweli, mnaninusa mdomo!"

Barasa akamgeukia Erastus. "Wamekula njama. Anataka kumwachia mgonjwa kazi."

Hakuna aliyetegemea yaliyofuata, hata baba mwenyewe. Ile ngozi ilikuwa begani mwa Kiilu, na pembe yake ilining'inia karibu na mkono wa baba. Baba akaishika. Sidhani kama alifikiri. Aliikunja kwa vidole, akaiachia, akaikunja tena.

"Kiilu," akasema, "nani alikuambia uitoe hii?"

"Ilionekana imeiva, kaka."

"Ilionekana! Ngozi haitazamwi, hukunjwa! Nimekuambia mara ngapi? Nje ni nzuri, katikati ni mbichi. Hii ikikauka itavunjika kama chapati ya jana. Umeitoa shimo la tatu, sivyo? Haijafika la nne. Umeirukisha shimo!"

Blanketi lilianguka na hakuliokota. Kwa mara ya kwanza likizo ile nilimwona baba yangu mzima mzima.

Barasa akatoa kisu mfukoni. Akakata pembe ya ngozi, akaiinua kwenye mwanga. Nje ilikuwa ya kahawia, pande zote mbili. Katikati palipita mstari mweupe, kama mafuta katika nyama.

"Mwezi mzima," Barasa akasema polepole, "natafuta anayeniharibia ngozi." Akaiangalia mikono safi ya baba, kisha akaokota blanketi, akamvika begani. "Wewe ndiye Muthoka. Keti, baba. Keti kwenye kiti cha karani."

Erastus alitoka kwenye kiti chake. Hilo peke yake lilistahili nauli ya treni.

Msidhani mambo yaliisha kwa vigelegele. Meneja alipoambiwa, alikasirika hasa. Alisema kampuni imedanganywa, na hilo lilikuwa kweli. Kiilu aliachishwa kazi siku hiyo hiyo. Baba alipewa onyo kali. Ile miezi ambayo Kiilu alifanya kazi kwa jina lake haikuhesabiwa kuwa ya ugonjwa, kwa sababu kitabu kilisema Muthoka alikuwepo, na mshahara ulikwisha kuliwa. Tukaipoteza. Lakini Barasa alimwambia meneja kwamba wenye vidole kama vile hawaokotwi barabarani. Barua ya daktari ikapokelewa. Ugonjwa wa baba ukaanza kuhesabiwa kuanzia siku ile.

Erastus ndiye aliyekuja nyumbani kutueleza. Alisimama mlangoni akiwa mnyenyekevu, bila kalamu nyuma ya sikio. "Mwezi huu mshahara wote," akasema. "Kisha nusu, miezi mitatu. Nyumba ni yenu. Kila mwezi mlete barua ya daktari kwamba bado anatibiwa. Na akipona, alete barua ya kusema amepona. Asirudi kabla, hata akijisikia simba."

"Na akirudi dhaifu?" mama akauliza. Alikuwa amejifunza kuuliza, na sasa hazuiliki. "Kuna kazi nyepesi? Atapewa? Kwa muda gani? Mshahara utabaki ule ule?"

Erastus akafuta jasho. "Nitauliza, mama."

Nusu mshahara ni nusu chakula. Tulikula sukuma wiki kwa kila namna inayojulikana duniani. Muhula uliofuata nilikwenda shuleni bila viatu vipya. Lakini nilikwenda. Na kila Jumapili mama alipanda treni kwenda Ruiru bila kujificha. Njiani mtu akimwuliza habari za mume wake, alijibu kwa sauti ya kusikika behewa zima, "Ni mgonjwa, na kazini wanajua!"

Baba alipona mwezi wa nane, kama daktari alivyosema. Alirudi na barua yake. Barasa alimweka kwanza mahali pakavu, kazi yake kukunja ngozi na kusema ipi imeiva na ipi irudi shimoni. Alizirudisha nyingi sana, hata zile za Kiilu zilizowekwa kando tangu mwezi wa nne.

Kiilu naye alipata kazi katika shamba la kahawa la Ruiru, kwa jina lake mwenyewe. Anasema siku ya kuandikishwa hakuuliza mshahara kwanza. Aliuliza, "Nikiugua je? Nikiugua mwezi mzima? Nikiugua miezi sita?" Bwana wa shamba akaweka kalamu chini, akamwita Nyawira ampime, maana alidhani ameletewa maiti.

Nilikuwa nyumbani jioni ile baba aliporudi kutoka kazini kwa mara ya kwanza. Tulikuwa nje. Mdogo wangu alisimama ghafla katikati ya mchezo, akainua pua.

"Baba!" akapiga kelele. "Baba yuko kwenye kona!"

Harufu ikaja, mbaya kama zamani, ya chumvi na magome na ng'ombe waliokufa. Mama akatoka jikoni akiwa na mwiko mkononi. Ndoo ilikuwa mahali pake. Sabuni ilikuwa juu yake. Baba akafika, akasimama nje ya mlango kama mtu anayejua sheria.

"Nimerudi," akasema.

Mama alimshika mkono, akaugeuza. Kwenye ncha za vidole rangi ya kahawia ilikuwa imeanza kuingia tena.

"Ingia," akasema.

"Bila kuoga?"

"Ingia tu, Muthoka. Chai iko tayari."

Akaingia na harufu yake yote. Ilikaa nasi mezani, ikalala nasi, ikaingia hata kwenye mito. Sijawahi kulala vizuri kama usiku ule.

Kesho yake jioni mama alimfukuza nje akaoge.